Kimefichwa Wapi? Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Jinsi Mtoto Mchanga Anavyojifunza Kukumbuka Mahali Kitu Kilipo

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na mtoto wa miezi 6 utadhani ndiye aliyeitunga methali hiyo. Mchukulie bata wake wa mpira, mweke mbele yake, kisha mfunike kwa kitambaa huku anakuangalia. Mkono uliokuwa njiani unashuka. Macho yanabaki kwenye kitambaa kidogo, yanahama, na punde mtoto ameshaanza shughuli na kidole chake cha mguu kana kwamba hapajawahi kuwa na bata hapa duniani. Rudia mchezo huohuo baada ya miezi 3: kitambaa kinavutwa bila kusitasita, bata anaibuka, kicheko.

Kilichobadilika hapo katikati ni mambo kadhaa yanayokua kila moja kwa mwendo wake, na mzazi au mlezi anaweza kuyaona yakitokea kwa kutumia vitambaa 2 na kitu kimoja anachokipenda mtoto. Mwongozo huu unakupa michezo ya kufuata kuanzia miezi 3 hadi miaka 3, na maelezo ya kinachoendelea kichwani mwa mtoto kila hatua. Nakuomba jambo moja tu tangu mwanzo: usiufanye mtihani. Mtoto akichoka, mchezo umekwisha.

Kabla ya kuanza: unatafuta nini hasa?

Watu wengi wanachanganya mambo 3. La kwanza ni kujua kwamba kitu kisichoonekana bado kipo. La pili ni kukumbuka kipo wapi. La tatu ni kuuongoza mkono uende huko na si kwingine. Mtoto anaweza kuwa na la kwanza kwa miezi mingi kabla ya kulipata la tatu, na hapo ndipo mzazi anapodhani mwanawe “amesahau”.

Aliyeanzisha mjadala huu ni mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi, aliyewachunguza watoto wake mwenyewe 3 wakiwa nyumbani na kuchapisha matokeo mwaka 1937. Aliona kwamba kabla ya miezi 8 hivi mtoto hakitafuti kitu kilichofunikwa kabisa, akahitimisha kuwa kwa mtoto huyo kitu kikitoweka machoni kimetoweka kweli. Hitimisho hilo lilikaa muda mrefu. Mwaka 1985 Renée Baillargeon, Elizabeth Spelke na Stanley Wasserman wakaacha kuuangalia mkono, wakayaangalia macho. Waliwaonyesha watoto wa miezi 5 ubao unaoinuka na kulala upande wa pili, kisha wakaweka sanduku nyuma yake. Ubao ukisimama pale unapopaswa kugonga sanduku, watoto hawakushangaa sana. Ukipita hadi chini kana kwamba sanduku halipo, walikodoa macho muda mrefu zaidi. Miaka 2 baadaye Baillargeon alipata dalili hizohizo kwa watoto wa miezi 4 na nusu, na kwa baadhi ya watoto wa miezi 3 na nusu.

Wapo waliopinga, wakisema huenda watoto wanavutiwa tu na mwendo mrefu wa ubao. Mimi kilichonishawishi ni jaribio jingine, rahisi kuliko hilo: Bruce Hood na Peter Willatts mwaka 1986 waliwaonyesha watoto wa miezi 5 kitu, wakazima taa, wakaondoa kitu. Gizani, mikono ya watoto ilinyooka zaidi upande ule kitu kilikokuwa. Kumbe kumbukumbu ipo. Kinachomshinda ni kitambaa, kwa sababu kuvuta kitambaa ili kupata bata ni kazi mbili zinazopaswa kupangwa: kwanza hiki, ndipo kile.

Maandalizi

Chagua saa ambayo mtoto ameamka vizuri, ameshiba na hana la kulilia. Mpakate au apakatwe na mtu mwingine, nawe ukae mkabala naye. Chagua kitu anachokitaka kweli, maana mtoto asiyekitaka kitu hatakitafuta, nawe utaandika kwamba amesahau kumbe amepuuza.

Kitu kiwe kikubwa. Kipimo cha haraka: kikipita ndani ya ule mrija wa karatasi ngumu unaobaki karatasi ya chooni ikiisha, ni kidogo mno kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Usitumie mifuko ya plastiki kufunikia. Vitambaa visibaki karibu naye anapolala.

Kama mtoto alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, hesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Mtoto wa miezi 8 aliyewahi kwa miezi 2, katika mambo haya mchukulie kama wa miezi 6.

Tafuta pia daftari. Utaona kazi yake.

Hatua ya 1: miezi 3 hadi 6, cheza na macho

Simamisha kitabu kikubwa mbele yake, umpitishe bata polepole nyuma ya kitabu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Usimwangalie bata, angalia macho ya mtoto. Akiwa na miezi 4 mara nyingi macho hubaki pale bata alipopotelea, au huchelewa na kumfuata bata akishatokea. Kufikia miezi 6 utaanza kuyaona macho yakitangulia upande wa pili na kumsubiri. Huko kutangulia, hata kwa nusu sekunde, ndiko kukumbuka kunakoanza kujionyesha. Mara 5 au 6 zinatosha kwa siku.

Mchezo wa kuficha uso kwa viganja na kuutoa ghafla ni wa familia hiyohiyo. Tofauti yake ni kwamba uso hurudi palepale, kwa hiyo mtoto hahitaji kukumbuka mahali, anahitaji kusubiri tu. Baada ya siku chache tokea kushoto ya kitabu, kisha kulia, uone atakutafuta wapi.

Hatua ya 2: miezi 6 hadi 8, funika nusu

Mfunike bata kichwa kikabaki nje. Mtoto atamchomoa. Siku nyingine acha mdomo tu uonekane, kisha mkia tu. Ukifika mahali pa kumfunika kabisa, mwahi: mfunike wakati mkono wa mtoto tayari uko njiani kumfuata. Mkono ulioanza safari mara nyingi huimaliza, na mtoto akimkuta bata chini ya kitambaa anajifunza jambo ambalo maelezo yako yote yasingemfundisha.

Katika miezi hiyo pia ataanza kuinama kutazama chini kijiko kikianguka. Usichoke kukiokota.

Hatua ya 3: miezi 8 hadi 12, mahali pawili

Hapa ndipo penye utamu wote, kwa hiyo usipakimbilie na usipakimbie. Mtoto awe ameshaweza kuvuta kitambaa kimoja na kumpata bata.

1. Weka vitambaa 2 vinavyofanana mbele yake, juu ya trei au ubao mwepesi, kimoja kulia na kingine kushoto, kukiwa na kama sentimita 25 katikati. Vyote avifikie sawasawa.
2. Mfiche bata chini ya kitambaa cha kulia, mtoto akiona. Vuta trei nje ya uwezo wake kidogo, uhesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, kisha isogeze. Akimpata bata, mwachie amchezee.
3. Rudia palepale kulia, mara 2 au 3.
4. Sasa, mtoto akiona waziwazi, mfiche kushoto. Hesabu ileile. Sogeza trei, unyamaze.

Binti yangu alikuwa na miezi 9 nilipomfanyia hivi mara ya kwanza. Aliniona nikimfunika bata kushoto. Nina hakika aliniona, kwa sababu alikuwa ameegemea upande huo na mate yanamtoka. Nilipoisogeza trei, alitazama kushoto, na huku bado anatazama kushoto, mkono wake wa kuume ukaenda kulia ukavuta kitambaa kisicho na kitu. Hakushangaa. Alikitikisa kile kitambaa, akakitia mdomoni, mambo yakaisha. Kitambaa cha kushoto kilikuwa kimevimba umbo la bata mbele yake, hakukigusa.

Hilo ni kosa maarufu ambalo Piaget ndiye aliyelieleza, na wataalamu huliita kosa la kutafuta mahali A (pa kwanza, hapa kulia) badala ya B (pa pili, hapa kushoto). Watoto karibu wote wenye afya hulipitia. Kwa hiyo likitokea, furahi: umeiona kwa macho yako kazi inayoendelea ndani.

Kwa nini mkono unaenda kulia? Adele Diamond aliwafuatilia watoto 25 kila baada ya wiki 2 tangu wakiwa na miezi 6 hadi mwaka, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1985 ndiyo yenye faida kubwa kwa mlezi. Kosa linategemea sekunde. Akiwa na miezi 7 na nusu, mtoto akicheleweshwa hata chini ya sekunde 2 anakosea, asipocheleweshwa anapatia. Kila mwezi anaweza kuvumilia takriban sekunde 2 zaidi, na akifikisha mwaka itabidi umcheleweshe zaidi ya sekunde 10 ndipo akosee. Diamond alionyesha pia kwamba nyani waliokomaa walioharibiwa sehemu ya mbele ya ubongo walikosea namna hiyohiyo. Sehemu hiyo ndiyo inayoshika jambo akilini kwa muda mfupi, na ndiyo inayoizuia tabia iliyozoeleka isikurupuke. Mtoto wa miezi 9 anahitaji yote mawili kwa wakati mmoja: kukumbuka “kushoto”, na kuukataza mkono uliokwisha kulipwa mara 3 kwa kwenda kulia.

Esther Thelen na Linda Smith, na wenzao, walilitazama jambo hili kwa upande wa mwili. Mwaka 1999 walionyesha kwamba kosa hutokea hata pasipo kufichwa kitu: weka vifuniko 2 vitupu, punga cha kulia mara kadhaa mtoto akishike, kisha punga cha kushoto, naye atarudi kulia. Basi sehemu ya kumbukumbu hiyo imo kwenye mkono wenyewe, katika njia uliyokwisha kuipita. Na ukibadilisha mwili, njia inavurugika: mtoto aliyekuwa amekaa, akisimamishwa kabla ya zamu ya kushoto, makosa yake hupungua.

Kisha mwaka 2008 József Topál na wenzake wakaleta sababu nyingine kabisa. Watoto wa miezi 10 hukosea sana pale mtu mzima anapowatazama machoni, kuwaita na kuwachekea wakati wa kuficha. Akificha bila kuwasemesha, makosa hupungua. Huenda mtoto anakuelewa kama mwalimu: “vitu hivi hukaa upande wa kulia.” Nawe hukuwa unafundisha chochote.

Nani mwenye haki? Kwa maoni yangu hawagongani kama wanavyodhani wengi, na mlezi hana haja ya kuchagua. Anaweza kuwaazima wote. Siku moja badilisha sekunde. Siku nyingine acha sekunde zilezile, lakini msimamishe mtoto kabla ya kuficha kushoto. Siku ya tatu ficha kimyakimya, uso umeinama. Badilisha jambo moja tu kwa siku, la sivyo hutajua nini kimesaidia.

Angalizo moja ambalo wengi hulisahau. Wakati wa kuhesabu, mtoto akiachwa aendelee kukodolea macho au kuegemea kushoto, mwili wake ndio unaokumbuka kwa niaba yake. Ukitaka kujua kichwa kimeshika nini, ita jina lake akutazame, kisha ndipo usogeze trei. Utashangaa jinsi jambo dogo hivyo linavyobadili matokeo.

Ukurasa wangu wa siku ile unasomeka hivi: “Miezi 9, siku 4. Kulia mara 3, kushoto mara 1. Sekunde 3. Macho kushoto, mkono kulia.” Usiandike “amepata” na “amekosa” peke yake. Andika sekunde, andika macho yalikwenda wapi, andika mkono ulikwenda wapi. Macho yakitangulia mkono kwa wiki kadhaa, hiyo ndiyo hali ya kawaida.

Hatua ya 4: mtoto anapotambaa

Hadi hapa mtoto anakumbuka mahali kwa kujipima yeye mwenyewe: “upande wangu huu”. Inafaa maadamu hasogei. Linda Acredolo, mwaka 1978, aliwazoesha watoto kugeukia dirisha moja chumbani, kisha akawahamishia upande wa pili wa chumba wakiwa wameelekea kwingine. Watoto wa miezi 6 waligeuka upande uleule wa mwili wao, wakalikosa dirisha. Wa miezi 16 walilipata. Wa miezi 11 walikuwa katikati.

Kinachosukuma mabadiliko hayo, kwa sehemu kubwa, ni kusafiri. Rosanne Kermoian na Joseph Campos waliwalinganisha watoto wa umri mmoja, miezi 8 na nusu, wakakuta wanaotambaa kwa mikono na magoti wanatafuta vizuri kuliko wasiotambaa. Hata waliosukuma vigari vya kutembelea walifanya vizuri. Hilo lisikufanye ukanunue kigari. Vimewaangusha watoto wengi kwenye ngazi, na Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004. Sakafu iliyo wazi inatosha.

Mchezo wake: mfiche bata chini ya kimoja kati ya vitambaa 2 mezani, kisha mbebe mtoto umpeleke upande wa pili wa meza, ndipo atafute. Kulia kwake sasa kumekuwa kushoto. Akikosea, siku nyingine mwache azunguke mwenyewe kwa kutambaa, vitambaa vikiwa sakafuni. Anayejipeleka mwenyewe huyaacha macho yake mahali pale njia nzima. Anayebebwa hutazama ukuta, mlango, sikio lako. Ukitumia vitambaa vya rangi 2 tofauti kabisa utampa alama ya kushikilia, na kazi itakuwa nyepesi.

Hatua ya 5: mwaka 1 hadi 2

Vitambaa 2 sasa vimekuwa vyepesi mno. Ongeza cha tatu. Kisha jaribu lililo gumu: ficha kitu kwenye kiganja, funga ngumi, ipitishe ngumi chini ya kitambaa, kiache kitu humo, utoe ngumi na kuifungua ikiwa tupu. Mtoto wa miezi 13 hutafuta mkononi, akikosa anakuangalia usoni kana kwamba umemdhulumu. Karibu na miezi 18 hadi 24 atakwenda moja kwa moja kwenye kitambaa, ingawa hakukiona kitu kikiachwa. Ameunganisha safari asiyoiona.

Mchanga nao una mafunzo. Janellen Huttenlocher na Nora Newcombe, pamoja na mwenzao, walifukia vitu kwenye kisanduku kirefu cha mchanga kisicho na alama yoyote juu, na watoto kuanzia miezi 16 walichimba karibu sana na penyewe. Walikuwa wanapima umbali kwa macho. Fukia kitu ukiwa naye, lainisha mchanga, mzungushe kidogo, umwachie.

Halafu kuna kungoja kwa dakika badala ya sekunde. Mfiche mwanasesere nyuma ya mto, mwambie mtoto mtamfuata baadaye, mwendelee na mambo mengine dakika chache. Judy DeLoache na Ann Brown waliona kwamba watoto wa miezi 18 hadi 24 hukatiza michezo yao katikati ili kupatazama mahali hapo, kupanyooshea kidole au kumtaja mwanasesere. Hakuna aliyewafundisha; wanajikumbusha wenyewe. Ukiliona hilo, liandike kwa wino mwekundu.

Baada ya miaka 2 mchezo wa mwisho ni wa mfano mdogo wa chumba: onyesha kwenye chumba cha kuchezea, kama kisanduku chenye vifaa, kwamba mwanasesere mdogo yuko nyuma ya kiti, kisha mwambie amtafute mkubwa nyuma ya kiti cha kweli. DeLoache alionyesha mwaka 1987 kwamba watoto wa miaka 2 na nusu wengi hushindwa na wa miaka 3 huweza. Miezi 6 tu, na tofauti ni kama usiku na mchana.

Lini kumwuliza daktari

Mchezo mmoja kushindikana si dalili ya chochote, hata wiki nzima. Vigezo vinavyotumiwa na kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani, CDC, ni mambo ambayo watoto 75 au zaidi kwa kila 100 huyaweza wakifikia umri huo: kufikia miezi 9 mtoto hutafuta kitu kilichoanguka asikione, na kufikia miezi 12 hutafuta kitu alichokuona ukikificha, kwa mfano chini ya blanketi. Ikiwa umri huo umepita na hafanyi hivyo hata kwa kitu anachokipenda, mpeleke akaangaliwe, kuanzia na macho na masikio yake. Usisubiri pia ikiwa mtoto wa miezi 4 hafuati kwa macho kitu kinachosogea, au ikiwa mtoto wa umri wowote amepoteza jambo alilokuwa akiliweza. Nenda na daftari. “Sekunde 3, macho kushoto, mkono kulia” linamsaidia daktari kuliko “naona kama anasahau”.

Mchezo unapogeuka

Siku moja, mara nyingi katikati ya mwaka wa 2, utakuta vitu vinapotea nyumbani na wewe hukuficha. Wangu alianza na rimoti. Tuliitafuta jioni nzima, tukainua makochi, tukalaumiana. Yeye alikuwa amekaa sakafuni anatutazama tukihangaika. Tulipochoka na kukaa, alinyanyuka, akaenda hadi kwenye kiatu changu cha kushoto mlangoni, akachomoa rimoti, akaniletea. Kisha akairudisha kiatuni na kunitazama, akingoja niitafute.